Kamera ya sinema ya zamani: betri ipi iwekwe na ipi isiwekwe

Msikilizaji wetu mmoja wa Rutamba, mkoani Lindi, alituletea kamera ndogo ya sinema iliyokaa ndani ya sanduku la babu yake tangu yeye hajazaliwa. Alikuwa na swali moja: iwekwe betri gani? Fundi aliyemwonyesha mwanzo alimjibu, "Yoyote inayoingia." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Betri zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana sana kwa umeme, na kamera ya namna hii ikiungua, kupata vipuri vyake ni kazi ngumu.

Kamera ile ina historia inayolihusu eneo lenyewe. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Mto Ruvuma kuja Tanzania. Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la makanisa la TCRS, ilifungua makazi ya wakimbizi kusini mwa nchi, na Rutamba ikawa mojawapo. Wakati huohuo, mwaka 1965, kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filamu ya Super 8, iliyowawezesha watu wa kawaida kupiga sinema za nyumbani kwa urahisi. Familia inasema kamera hiyo iliachwa na mgeni aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wakimbizi wengi wakarudi kwao. Kamera ikabaki.

Tulipoichunguza tulikuta filamu bado imo ndani. Kwa hiyo kabla hatujazungumzia betri, kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza.

Je, inahitaji betri kweli?

Si kila kamera ya sinema ya zamani hutumia betri. Kamera za milimita 8 za mtindo wa kwanza, ulioanza mwaka 1932, nyingi ziliendeshwa kwa springi. Unazungusha ufunguo ulio ubavuni, kama unavyotia ufunguo saa ya mezani, kisha kamera inakwenda yenyewe. Kamera nyingi za Bolex kutoka Uswisi ziko hivyo. Ukiona ufunguo mkubwa ubavuni, zungusha taratibu mpaka ukaze kidogo, kisha bonyeza kitufe. Ikilia kwa mwendo ulio sawa, mota haihitaji betri.

Angalia pia sehemu ya mbele karibu na lenzi. Kama kuna kioo chenye vinundu vidogovidogo kama sega la nyuki, hicho ni kipima mwanga cha seleniamu. Kinatengeneza umeme wake chenyewe kutokana na mwanga, kama sola. Kamera yenye springi na seleniamu haihitaji betri hata moja, na anayekuuzia betri kwa ajili yake anakula fedha yako bure.

Je, kuna filamu ndani?

Usifungue mlango wa filamu kwa haraka. Kamera nyingi za Super 8 zina kidirisha kidogo mlangoni kinachoonyesha karatasi ya kaseti ya filamu, na saa ya kuhesabia futi zilizotumika. Ukiona maandishi ndani ya kidirisha, au saa haiko mwanzo, chukulia kwamba filamu imo. Andika namba uliyoiona, kwa sababu kaseti ikitolewa saa hiyo hurudi mwanzo.

Kaseti ya Super 8 imefunikwa pande zote isipokuwa sehemu ndogo inayokaa nyuma ya lenzi. Ukiitoa gizani, usiku na taa zote zikiwa zimezimwa, hutapoteza kitu. Ifunge kwenye karatasi ya alumini inayotumika jikoni, iweke ndani ya kopo kavu, andika tarehe na jina la familia. Kwa kamera za milimita 8 za mtindo wa kwanza hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa filamu imezungushwa kwenye gurudumu lililo wazi. Kufungua mchana kunaweza kuunguza picha nyingi kwa mara moja.

Usijaribu betri mpya wakati filamu ya zamani imo ndani. Mota ikizunguka, filamu inasogea na kupigwa picha mpya. Sehemu iliyosogezwa hivyo hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa.

Kazi mbili, betri mbili

Kamera nyingi za Super 8 zina kazi mbili za umeme. Ya kwanza ni kuzungusha mota inayovuta filamu, kwa kawaida picha 18 kwa sekunde. Ya pili ni kuendesha kipima mwanga, ambacho hufungua na kubana tundu la lenzi kulingana na jua. Katika kamera za baadaye, betri za mota mara nyingi hufanya kazi zote mbili. Katika kamera nyingi za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, kipima mwanga kina betri yake ndogo, na chumba chake kiko mbali na chumba cha betri za mota. Mfano mzuri ni Nizo S 560 na S 800 za Ujerumani, zinazotumia betri 6 za kawaida kwa mota na betri 2 za kifungo kwa kipima mwanga.

Chunguza kamera yote, hasa chini, ndani ya mpini na ubavuni, utafute kifuniko cha mviringo chenye mfereji wa kuingiza sarafu. Hapo ndipo betri ya kifungo hukaa.

Jifunze kusoma herufi

Kila betri nzuri imeandikwa namba fupi kwenye ganda lake. Namba hiyo inakwambia umbo, na herufi ya kwanza inakwambia ndani kuna nini. Kwa betri tunazotia kwenye saa ya ukutani, namba ni 6. Hivi ndivyo zinavyotofautiana:

R6, bila herufi mbele, ni ya zinki na kaboni. Ina volti 1.5. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo iliyojaa madukani, mara nyingi ikiwa na maneno "Heavy Duty" au "Super" kwenye ganda. Kizazi cha wazee wetu kilizijua betri za aina hii kwa jina la National, zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1960. Zinafaa sana kwa saa na redio ndogo, vitu vinavyokula umeme kidogo kidogo. Mota ya kamera hudai umeme mwingi kwa mara moja, na R6 huchoka upesi. Filamu huanza kwa mwendo mzuri, kisha mwendo unapungua kabla kaseti haijaisha.

LR6 ni ya alkalaini. Nayo ina volti 1.5, lakini inatoa umeme mwingi bila kulegea haraka. Hii ndiyo chaguo letu la kwanza kwa mota. Ukiishika mkononi pamoja na R6, utasikia LR6 ni nzito zaidi. Ganda likiwa na neno "Alkaline" lakini betri ni nyepesi kama ile ya bei rahisi, itilie shaka.

HR6 ni ya kuchajiwa, na ina volti 1.2. Betri nne za LR6 hutoa volti 6, lakini nne za HR6 hutoa 4.8. Kamera nyingi huzikubali, kwa sababu HR6 haiyumbi inapodaiwa umeme mwingi. Nyingine huenda polepole, au taa ya kuonyesha hali ya betri hudai kwamba betri zimekwisha. Jaribu kamera ikiwa tupu kabla ya kununua filamu.

FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa. Imeandikwa volti 1.5, lakini ikiwa mpya inaweza kupimwa karibu na 1.8. Ni nyepesi na haivuji kirahisi. Kwa kamera ya betri mbili au nne haina shida kubwa. Kwa kamera ya betri sita, nyongeza hiyo ndogo inajumlishwa mara sita, na hatuoni sababu ya kuihatarisha mota ya zamani.

Kisha kuna ile ambayo haifai kabisa. Betri za lithiamu za kuchaji zinazotumika kwenye tochi za kisasa zina volti 3.7. Aina moja, iliyoandikwa 14500, ina umbo lilelile la betri ya saa ya ukutani na inaingia kwenye kamera bila taabu. Betri nne za namna hiyo ni volti 14.8 mahali palipotengenezwa kwa volti 6. Hapo ndipo "yoyote inayoingia" inapogeuka hasara: waya zinaungua, mota inakufa. Kabla ya kutia betri ya kuchaji, soma volti zake. Ukiona 3.7, irudishe kwenye tochi.

Betri ya kifungo na habari ya zebaki

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kamera za wakati ule ziliandikwa PX13, PX625 au MR9. Zote hizo ni majina ya betri ileile ya zebaki yenye volti 1.35. Waundaji wa kamera waliipenda kwa sababu volti zake hazishuki polepole. Hukaa palepale 1.35 mpaka inapokaribia kwisha. Kipima mwanga kilitengenezwa kwa kuitegemea namba hiyo.

Betri hiyo haitengenezwi tena kwa soko la kawaida. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri za kifungo za oksaidi ya zebaki mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Leo kuna Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania ni mwanachama. Ukiuziwa betri ya zebaki "mpya" leo, ujue imekaa kwenye hifadhi miaka mingi. Usihangaike kuitafuta. Kuna njia nne za kuishi bila hiyo.

Njia ya kwanza ni LR9, ambayo pia huandikwa PX625A au 625A. Inaingia sawasawa na bei yake si kubwa. Tatizo ni kwamba ina volti 1.5 na hushuka kadiri inavyotumika. Ikiwa mpya, kipima mwanga katika kamera nyingi hudhani jua ni kali kuliko lilivyo, kinabana tundu la lenzi, na picha hutoka na giza. Ikichakaa, kosa hubadilika. Hata ukizoea kosa la leo, la mwezi ujao litakuwa jingine.

Njia ya pili ni PR44, betri ya hewa na zinki inayotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Namba yake ya kawaida ni 675, na kibandiko chake huwa cha buluu. Ina volti karibu 1.4 na inapofanya kazi hukaribia sana ile 1.35 ya zebaki. Ni nyembamba kuliko PX625: upana wake ni milimita 11.6, wakati chumba kina karibu 16. Izungushie pete ya mpira ili isicheze, bila kuziba vitundu vyake vya hewa. Ukishabandua kibandiko inaanza kufanya kazi na haizimiki. Itadumu wiki kadhaa, pengine miezi miwili, na unyevu wa mwambao huipunguzia maisha. Kwa hiyo bandua siku unayopiga picha. Usitarajie kuikuta kwenye duka la kijijini. Iulizie hospitali kubwa au kwa wauzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia mjini.

Njia ya tatu ni SR44, ya oksaidi ya fedha. Ina volti 1.55 zisizoyumba. Ukiiweka ndani ya kikombe maalumu chenye diodi ndani yake, volti hushuka mpaka karibu 1.35. Kikombe hicho huagizwa nje na hununuliwa mara moja tu. Kwa mtu anayetaka kupiga filamu nyingi, hii ndiyo njia ya kudumu. Angalia usipewe LR44 badala ya SR44. Zinafanana kabisa kwa macho, lakini LR44 ni ya alkalaini na volti zake hushuka.

Njia ya nne ni kuacha chumba hicho kitupu. Kamera nyingi zina gurudumu la kuweka tundu la lenzi kwa mkono. Pima mwanga kwa programu ya simu au kwa kipima mwanga cha kawaida, kisha zungusha mwenyewe. Mota itaendelea kufanya kazi kwa betri zake. Ukiwa na filamu moja tu na fedha kidogo, usidharau njia hii.

Kabla ya kuzitia

Fungua vyumba vyote viwili na uangalie vyuma vya mguso. Joto na hewa ya chumvi ya Lindi hufanya kutu haraka. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri ya zamani ilivuja. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha kwangua unga kwa kijiti kikavu huku kamera ikiwa imeinamishwa ili usiangukie ndani. Kama ni alama ya alkalaini, gusa kwa pamba iliyolowa siki kidogo au maji ya ndimu, futa, kisha maliza kwa spiriti na uache ikauke. Usimimine chochote ndani ya chumba. Usitumie msasa mgumu, kwa sababu utaondoa ngozi ya chuma na kutu itarudi kwa nguvu.

Tia betri zote za aina moja, za siku moja, na ufuate alama za chanya na hasi zilizochorwa. Betri moja iliyochoka kati ya nne huzivuta zote chini, na ndiyo itakayovuja kwanza. Fundi redio mwenye mita anaweza kukupimia: LR6 mpya huonyesha 1.5 hadi 1.6. Ikiwa chini ya 1.3, iache iendeshe saa ya ukutani.

Kisha bonyeza kitufe kamera ikiwa tupu, na usikilize kwa dakika tatu na nusu. Kaseti ya futi 50 huchukua dakika 3 na sekunde 20 kwa mwendo wa picha 18. Mota ikikaa na sauti moja muda wote huo, betri zako zinatosha. Sauti ikilegea njiani, badilisha kabla hujaharibu filamu.

Baada ya kutumia

Toa betri zote kila unapoiweka kamera kabatini. Betri inayosahaulika ndani ya chumba ndiyo inayokula vyuma, na tumeona uharibifu wa namna hiyo zaidi ya ule wa betri isiyo sahihi.

Betri za kifungo ziwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, hata kama betri imechoka. Usimtapishe na usisubiri uone kama itatoka yenyewe. Mpeleke kituo cha afya mara moja, nacho kitamwelekeza hospitali yenye kipimo cha eksirei. Kwa mtu wa Rutamba, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Sokoine, iliyoko Lindi mjini.

Ukiikuta betri ya zebaki ndani ya kamera ya zamani, usiichome na takataka, usiitupe chooni wala porini. Mkataba tulioutaja unaitwa Minamata kwa sababu katika mji huo wa Japani kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na watu waliokula samaki hao wakaugua na kufa. Ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1956. Sisi nasi tunakula samaki. Kitu ambacho hatutaki kifike Ziwa Rutamba, tusikitupe mahali ambapo mvua itakipeleka huko. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iandike, na umwulize afisa mazingira wa halmashauri yako itakavyochukuliwa.

Kamera ya Rutamba imefikia wapi

Chumba cha mota kilikuwa na unga mweupe lakini vyuma havikuliwa. Baada ya kusafishwa na kutiwa LR6 nne, mota ilizunguka kwa sauti moja mpaka mwisho wa kipimo chetu. Chumba cha kifungo kilikuwa na betri ya zebaki iliyovimba. Sasa iko ndani ya chupa, na familia imeamua kuacha kipima mwanga bila betri.

Kaseti ilitolewa usiku. Karatasi yake imeandikwa Kodachrome II, na saa ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yake ilikwisha pigwa. Maabara ya mwisho duniani kusafisha Kodachrome kwa rangi, Dwayne's Photo ya Kansas nchini Marekani, iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa mwaka 2010. Leo filamu hiyo inaweza kusafishwa na maabara chache za nje, kwa nyeusi na nyeupe tu, na bila uhakika baada ya miaka hamsini ya joto. Familia imeambiwa hivyo waziwazi, na inachanga gharama ya kuipeleka. Wanataka kujua kama kuna uso wa mtu wanayemfahamu.

Kwa hiyo, wewe mwenye kamera kama hiyo kabatini, kabla ya kwenda dukani kutafuta betri, angalia kwanza kidirisha cha mlango.